Muuzaji Aliyehakikiwa Namba Moja

Inatangazwa kwa umma kwamba, kuanzia tarehe mosi ya mwezi huu, ni marufuku kwa mwananchi yeyote kutapeliwa mtandaoni bila idhini ya maandishi.

Sentensi hiyo niliiandika mimi. Mkuu wetu aliongeza neno "mosi" tu, akasema linaipa uzito, na kwa kuwa yeye ndiye Mkurugenzi wa Idara ya Ulinzi wa Mnunuzi wa Mtandaoni, kumbukumbu zinaonyesha kwamba sentensi nzima ni yake. Sina kinyongo. Mimi ni Karani Mwandamizi wa Mihuri, na mtu mwenye mihuri minne mezani hana haja ya kugombea sentensi.

Mtaani walicheka, kama kawaida yao. Kinyozi wangu aliniuliza, wembe ukiwa shingoni kwangu, kama matapeli nao wamepelekewa nakala ya tangazo. Nilimjibu kwa upole, kwa sababu ya wembe, kwamba tangazo limebandikwa mahali pa wazi na kila mdau anaweza kulisoma.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Ukitaka kununua kitu kwenye simu, hata kama ni soksi, unapanda ghorofa ya pili ya jengo letu, juu ya duka la rangi, unajaza fomu ya kurasa nane katika nakala tatu, unasubiri siku ishirini na moja, unapewa namba ya kibali. Bila namba hiyo, ofisi za vifurushi haziruhusiwi kukukabidhi mzigo. Muuzaji naye anakuja kuhakikiwa, akifaulu anapewa Cheti cha Uaminifu chenye muhuri wa mviringo, ule ambao Mkuu anaufungia kwenye droo na ufunguo wake anauvaa shingoni.

Matokeo yalionekana mara moja. Mwezi wa kwanza hakutapeliwa mtu hata mmoja. Hakununua mtu pia, lakini hilo halikuwa kwenye malengo yetu.

Upande wa wauzaji ndiko kulikokuwa na kazi. Waliomba mia mbili na kumi na mbili. Kuna mwenye duka la viatu, yule ambaye nusu ya mji imevaa viatu vyake, tulimkataa kwa sababu kwenye picha alikuwa anatabasamu. Kuna mama wa vyombo alikunja fomu ili ienee kwenye mkoba. Kuna fundi mzee wa mji wa jirani, alitaka kuuza cherehani zake mbili apumzike; kwenye "Sababu ya Kuuza" akaandika "macho yamechoka". Nilikagua orodha ya sababu zinazotambulika. Zipo tano na macho hayamo. Nikampiga IMEKATALIWA, wino mwekundu.

Walikataliwa mia mbili na kumi na moja. Akabaki mmoja.

Jamani, yule mtu alijua kujaza fomu. Kurasa kumi na nane na viambatisho, kila ukurasa una sahihi ndogo pembeni, picha zenye mandhari ya bluu ileile tuliyoitaja, barua ya kumthibitisha aliyojiandikia mwenyewe lakini kwa lugha ya heshima sana. Alitumia vibandiko vya rangi kutenganisha sehemu. Duka lake linaitwa Uaminifu Daima, linauza kila kitu. Kwenye kipengele cha mahali lilipo, aliandika: mkabala na ofisi zenu. Mkuu alipofika hapo alivua miwani akaifuta.

"Huyu ni mtu wetu," alisema. "Amekuja kupanga jirani na sheria."

Akatoa ufunguo shingoni, akapiga mviringo. Muuzaji Aliyehakikiwa Namba Moja. Nakala ya cheti tukaitundika ukutani, karibu na dirisha, juu ya benchi la foleni, ili wananchi wakisubiri wapate cha kutamani.

Sasa nije kwa shangazi yangu.

Shangazi ni fundi cherehani, dada mkubwa wa baba yangu, na suruali zote nilizovaa hadi namaliza shule zilipita mikononi mwake. Ana chumba kimoja cha mbele barabarani, na humo ndani hapakosi watu: anayengoja kupunguziwa kiuno, anayekuja kuchaji simu, anayekuja kusikia tu fulani amesemaje. Cherehani yake ilikuwa kongwe, na siku hiyo ililia mlio mmoja, ikakata mkono wa sindano. Fundi aliyeitwa aliitazama kama daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia ndugu. Kipuri hakitengenezwi tena.

Ubaya wa jambo ni kwamba mezani kulikuwa na vitambaa vya sare sitini za shule. Shule inafunguliwa baada ya majuma mawili. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia wazi kwamba asipozipata Ijumaa ya juma la pili, kazi inahamia kwa yule fundi wa karibu na soko, na ikihama haitarudi. Kazi ya sare ndiyo inayolipa chumba. Chumba kikienda, shangazi ni mtu wa kushona vifungo kibarazani kwa wenzake.

Kwenye simu aliiona cherehani ya kichwa cheusi, imara, saizi ya meza yake ileile ya kukanyagia. Ilikuwa ya yule fundi mzee mwenye macho yaliyochoka. Akapanda ngazi zetu kuomba kibali.

Alipofika dirishani kwangu, aliweka mkoba juu ya kaunta kama anavyouweka kwake.

"Mwanangu, nigongee hapo niwahi," akasema.

Nilimweleza kwamba, kwa kuwa ni shangazi yangu, upo mgongano wa maslahi, na njia pekee ya kuuondoa ni yeye kwenda mwisho wa foleni. Watu kumi na wanne wakageuka kunitazama. Shangazi hakubisha. Aliniangalia tu kuanzia kichwani hadi kwenye mkanda, akasema kwa sauti ya kawaida, lakini yenye kufika benchi la mwisho:

"Suruali hiyo nimeipunguza mimi. Nayo ina mgongano?"

Benchi likacheka. Mimi nikaendelea na kazi, maana mtumishi wa umma hajibu maswali yaliyo nje ya fomu.

Alikaa saa tatu. Katika saa hizo foleni iligeuka kuwa chumba chake cha mbele. Alimjua mlinzi kwa upande wa mkewe, akampatanisha mama wa vyombo na jirani yake, na akapata habari zote za ofisi, zikiwemo mbili ambazo mimi mwenyewe nilikuwa sizijui. Zamu yake ilipofika nikamwambia ukweli wa kanuni: kibali ni siku ishirini na moja, na muuzaji wake amekataliwa. Kuna njia ya haraka, ya siku hiyohiyo, lakini ni kwa kununua kutoka kwa muuzaji aliyehakikiwa tu. Yupo mmoja. Nikamwonyesha cheti.

Shangazi aliivaa ile miwani yake ya kutungia uzi, akakisoma cheti mstari kwa mstari. Kisha akafanya kitu ambacho katika miezi miwili ya uhai wa Idara hakuna mtumishi aliyekuwa amekifanya. Alitazama nje ya dirisha.

"Imeandikwa mkabala na ofisi zenu," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Mkabala na ofisi zenu kuna ukuta."

Ni kweli, kuna ukuta, na vijana wa kuosha magari huanika mazulia juu yake. Nilimfafanulia kwamba ukaguzi wa maeneo ni jukumu la Kitengo cha Ukaguzi wa Maeneo, na kitengo hicho bado hakijaundwa, kwa hiyo kwa sasa kiofisi hatuna taarifa za kuthibitisha wala kukanusha ukuta.

Yeye akatoa simu. Alimpigia Uaminifu Daima palepale, akawasha kipaza sauti, foleni nzima ikasogeza masikio. Sauti ya mwanamume ilitoka, nzuri, ya mtu aliyeoga. Shangazi akamwomba awashe kamera, aweke kitambaa kwenye cherehani anayoiuza na ashone mstari mmoja huku akitaja leo ni siku gani, asije akaonyeshwa picha za mwaka juzi. Yule bwana akasema kamera imeingia maji. Badala yake akatuma picha, na kulipa akasema ni sasa hivi, maana zimebaki mbili na kuna mteja mwingine kwenye simu ya pili. Shangazi akafungua picha. Ilikuwa ya cheti chetu.

"Nimeomba mshono," akasema, akikata simu, "ananionyesha muhuri."

Kisha akampigia yule fundi mzee. Mzee alihangaika na simu, kwanza tukaona paa, halafu sikio, halafu cherehani. Akashona mstari. Akasema leo ni Jumanne, akasita, akamuuliza mkewe, mkewe akasema Jumatatu. Shangazi akamuuliza mafuta anaweka ya aina gani, na kwa nini anaiuza ikiwa nzima. Wakazungumza habari za sindano kwa robo saa, na za watoto kwa nusu saa.

Kelele ilimtoa Mkuu ofisini. Akaelezwa. Mkuu ni mtu wa subira, lakini kusikia mwananchi ametilia shaka muhuri wa mviringo kulimgusa pabaya.

"Mama," akamwambia, "serikali ikisema huyu ni mwaminifu, wewe unataka mshono wa nini?"

"Wa kuvaa, mzee wangu."

Mkuu akaamua hapohapo kumaliza shaka hadharani. Siku ya Alhamisi, mbele ya wanahabari, angeinunua cherehani ile yeye mwenyewe kutoka kwa Muuzaji Namba Moja, kwa simu ya Idara, kutoka Mfuko wa Ulinzi wa Mnunuzi, na kumkabidhi mama huyu kama Mnufaika wa Kwanza. Shangazi alishukuru kwa adabu zote. Akauliza itafika lini. Mkuu akasema uwasilishaji ni hatua inayofuata na itakuwa na hafla yake.

Alhamisi ilipofika ukumbi ulipendeza. Vitambaa mezani, maji ya chupa, kiti cha mbele kina karatasi imeandikwa MNUFAIKA. Kiti kilikuwa kitupu. Mkuu akanituma nikamlete shangazi haraka. Chumbani kwake kulikuwa na watu sita na yeye hayupo. Wakaniambia yuko kituo cha mabasi.

Nilimkuta huko, katikati ya duara la watu, amekaa kwenye benchi la abiria. Pembeni yake kulikuwa na yule fundi mzee na mkewe, waliokuja na basi la asubuhi, na boksi limefunguliwa. Cherehani ilikuwa juu ya benchi. Shangazi alikuwa amekwishatunga uzi, anazungusha gurudumu kwa mkono, kipande cha kitambaa cha sare kinatoka upande wa pili na mshono ulionyooka. Wapiga debe walikuwa wamenyamaza, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia. Aligeuza kitambaa akakagua mgongo wa mshono, akavuta uzi, akaangalia chini ya kichwa cha cherehani kama kuna kutu. Aliporidhika ndipo akatoa hela, na mke wa mzee akazihesabu.

Nilisogea na fomu. Nilimwambia, kwa masikitiko, kwamba ananunua bila kibali.

"Ninanunua wapi, mwanangu?"

"Kituoni."

"Idara yenu ni ya kituoni?"

Nilifungua kanuni. Nilitafuta kwa uaminifu wote. Idara inasimamia manunuzi ya mtandaoni. Hapa mtandao ulitumika kuonana na kusalimiana tu, halafu watu wamekutana, kitu kimejaribiwa, malipo yamefanyika mkononi mchana kweupe. Nilichoweza ni kufungua daftari langu la kumbukumbu na kuandika: "Ununuzi wa kituoni. Umekamilika." Lile daftari lina safu ya mwisho yenye kichwa BIDHAA IMEPATIKANA, na ilikuwa tupu tangu Idara ianze. Nikaweka tiki.

Niliporudi ukumbini hafla ilikuwa imeanza bila Mnufaika. Mkuu alikuwa jukwaani, simu ya Idara mkononi, vipaza sauti vitatu mbele yake. Alishaeleza historia ya uaminifu tangu enzi za mababu. Akabonyeza kununua. Simu ikaita papo hapo, na ile sauti ya mtu aliyeoga ikajaa ukumbini.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, hongera kwa uongozi wako. Kwa mujibu wa taratibu, ili kukamilisha zoezi, naomba uthibitisho wa tarakimu sita ulizotumiwa sasa hivi."

Hapa lazima nieleze jambo kuhusu ofisi yetu. Ujumbe wenye zile tarakimu ulisema wazi kwamba usimpe mtu yeyote. Mkuu aliuona, mimi niliuona, uliangaza kwenye skrini kubwa nyuma yake. Lakini katika Idara yetu hakuna aliyewahi kuombwa uthibitisho akakataa. Ukiombwa nakala, unatoa. Ukiombwa kuthibitisha, unathibitisha, na ukiombwa kwa mujibu wa taratibu, unasimama wima. Huko ndiko tulikokulia.

Mkuu akasogea kwenye vipaza sauti. Akazisoma tarakimu moja moja, taratibu, kama anayesoma matokeo ya uchaguzi.

"Narudia," akasema, na akarudia.

Ukumbi ukapiga makofi. Makofi yalikuwa hayajaisha Mfuko ukawa umeisha. Mhasibu, aliyekuwa mstari wa pili na simu yake, alinyanyuka, akakaa, akanyanyuka tena, akatoka nje kuongea na ukuta.

Kesho yake Mkuu alikuja dirishani kwangu mwenyewe, kwa mlango wa wananchi, kuwasilisha malalamiko. Alijaza Fomu Namba Tisa vizuri, sina la kumlaumu. Tatizo lilikuwa kiambatisho. Kanuni inamtaka mlalamikaji aambatanishe maelezo ya mtuhumiwa akikiri kosa, yakiwa na sahihi na muhuri wa mtuhumiwa. Nilimuuliza Mkuu kama anayo. Akaniuliza ni nani mpumbavu aliyeweka sharti hilo. Nikageuza ukurasa, nikamwonyesha sahihi iliyo chini. Aliitazama muda mrefu kama mtu aliyekutana na pacha wake.

Nikapiga IMEKATALIWA. Aliniomba nimtazame kwa jicho la udugu wa kikazi. Nikamweleza habari za mgongano wa maslahi.

Jumatatu yakaingia malalamiko mengine. Kurasa kumi na mbili, nakala tatu, vibandiko vya rangi. Muuzaji Aliyehakikiwa Namba Moja alikuwa anamshtaki mnunuzi mmoja, jina limehifadhiwa, cheo kimetajwa, kwamba tangu Alhamisi amempigia simu mara arobaini na saba kwa lugha isiyostahimilika na kutishia utulivu wa biashara. Kiambatisho cha kukiri kilikuwepo: Mkuu mwenyewe, katika moja ya zile simu, alikuwa amesema mbele ya ukuta na vijana wa mazulia kwamba ndiyo, anamtukana, na atamtukana tena. Ilinukuliwa neno kwa neno, na sahihi na muhuri wa Mkuu vilikuwa vimenakiliwa kutoka kwenye cheti chetu. Nakala ya tatu alikuwa ameipeleka kwa Waziri.

Yalikuwa malalamiko ya kwanza kukamilika katika historia ya Idara, na Waziri akaandika pembeni, kwa kalamu ya kijani: "Kanuni ifuatwe." Kanuni inasema mnunuzi aliyelalamikiwa na muuzaji mwenye cheti asimamishwe kununua, na ahudhurie Semina ya Mnunuzi Mwema kwa siku tano, kwenye benchi. Haitaji cheo. Tuliitafuta sehemu inayotaja cheo, mimi na Mkuu, hadi chakula cha mchana.

Mkufunzi wa semina, inasema kanuni hiyohiyo, ni mwananchi yeyote aliyenunua kitu na akakipata. Nikafungua daftari. Tiki ilikuwa moja.

Shangazi alikubali kwa sharti kwamba asipoteze muda wa kazi, kwa sababu Ijumaa ilikuwa inakaribia na bado sare kumi na tisa. Kwa hiyo tulipandisha meza ya kukanyagia hadi ghorofa ya pili, watu wanne tukashika miguu, na cherehani ya kichwa cheusi juu yake. Watu wote wa chumba chake cha mbele walihamia kwetu, kinyozi wangu akiwemo. Hatujawahi kuwa na foleni yenye furaha namna ile.

Mkuu alikaa kwenye benchi, chini ya cheti alichokipiga muhuri mwenyewe, daftari jipya mapajani.

Shangazi alikanyaga, cherehani ikanguruma. Alishona ukosi mzima kwanza. Halafu akamwambia, kwa upole wa kumfundisha mtoto wa mtu, kwamba somo la kwanza halina kuandika: asimame, aende dirishani, aseme mkabala kuna nini.

Mkuu akasimama. Akaenda. Hata mlinzi akachungulia.

"Kuna ukuta," akasema Mkuu.

Shangazi, bila kuinua macho kwenye mshono, akamwambia arudie.